Vidonge Kumi na Vinane

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, Koki alikuwa ameshapanga ndoo zake mbili kwenye foleni ya mfereji. Mtaani Ziwani safu nzima ya nyumba ilitumia mfereji mmoja, na aliyechelewa aliambulia matone. Akirudi nyumbani aliwasha stovu, akapika chai, akampelekea mama yake kikombe kitandani, akafagia, kisha akakimbia shuleni kamba za viatu zikiburuzika chini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba.

Mwaka uliotangulia, kazi hizo zilikuwa za mama. Mama huyo, Wanza, alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini, mwanamke mcheshi aliyeimba kwaya kanisani na kujua jina la kila mtoto wa safu yao. Lakini mwanzoni mwa 1996 alianza kubadilika. Kwanza aliacha kwaya. Kisha akaacha kula vizuri. Usingizi ukampaa, na mchana akawa anaketi kitandani akiutazama ukuta. Ukimuuliza kinachomuuma, alijibu, "Sijui, mwanangu. Najiona mzito tu." Mkubwa wake kazini akampa likizo ya ugonjwa.

Baba, Bwana Mutie, alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Mombasa na Malaba, na nyumbani alilala siku moja au mbili kwa juma. Ndiye aliyempeleka mama kwenye kliniki ya mtaa. Daktari Ondiek alizungumza na mama kwa muda mrefu, kisha akasema huo ulikuwa ugonjwa wa huzuni. Si uvivu wala si laana, alisema, bali ugonjwa unaotibika. Akampa vidonge vidogo, kimoja kila jioni baada ya chakula, kwa siku ishirini na nane.

"Wewe ndiwe utakayempa," baba alimwambia Koki siku ile, akimkabidhi bahasha ya dawa na daftari. "Akishameza, weka alama hapa. Daktari ataliangalia daftari hili. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Baba alikuwa na haraka ya safari. Hakumwambia Koki kwamba dawa hiyo huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi, wala kwamba mwanzoni humkausha mgonjwa mdomo na kumtia usingizi.

Kwa hiyo Koki alingoja. Alimtazama mama usoni kila asubuhi kama mtu anayechungulia sufuria. Siku ya tatu, hakuna kitu. Siku ya saba, hakuna kitu. Mama alilala sana, akaamka ulimi umekauka, akizungumza polepole. Darasani Koki hakutulia. Aliuma kucha, akatikisa mguu chini ya dawati mpaka jirani yake akalalamika.

Siku ya kumi mama alijitahidi kutoka ili amsaidie kuchota maji. Alipoinua ndoo alipepesuka, ndoo ikaanguka, maji yakawalowesha waliokuwa kwenye foleni. Mtu mmoja akacheka. Koki alimshika mama mkono na kumrudisha ndani, masikio yakimwaka moto.

Kesho yake, wakati wa mapumziko shuleni, rafiki yake Celine, ambaye nyumba yao ilikuwa mlango wa tatu kutoka kwa akina Koki, alimvuta kando.

"Sasa, Koki. Nimesikia mamako anameza zile dawa za watu wa kichwa."

"Nani kakwambia?"

"Wasee wote wa mtaa wanasema. Wanasema ukimeza mwezi mzima, huachi tena. Unakuwa mtu wa kutembea ukilala."

Koki alimwambia anyamaze, lakini maneno yale yalimfuata mpaka nyumbani. Jioni alikitoa kidonge kutoka kwenye bahasha, akakishika kiganjani. Mama alikuwa ameinamia sahani yake, haangalii. Koki alikitia kile kidonge katika mkebe wake wa jometri, kati ya bikari na kifutio. Kisha akafungua daftari na kuweka alama.

"Ni leo tu," alijiambia.

Kesho yake mama hakusinzia sana. Keshokutwa alisema neno moja au mawili zaidi. Koki akaona alikuwa amefanya vyema. Lakini juma lililofuata mama alizama kuliko mwanzo. Alikataa chai. Siku moja Koki alirudi kutoka shuleni akamkuta ameketi palepale alipomwacha asubuhi, mikono magotini, mapazia hayajafunguliwa. Hapo ndipo hofu ilipomshika kweli. Alitaka kuanza tena kumpa dawa, lakini hakujua kama angeharibu zaidi. Alitaka kumwambia baba, lakini baba alipokuja alilitazama daftari, akaona alama zimepangana vizuri, akampapasa kichwa.

"Hongera, mama mdogo wa nyumba hii. Hujaruka hata siku moja."

"Ndiyo, baba," Koki alijibu, akalifunga daftari upesi.

Siku ishirini na nane zilipokwisha, baba alikuwa safarini, kwa hiyo Koki ndiye aliyemsindikiza mama kliniki. Chumbani walimkuta Daktari Ondiek pamoja na Sista Batulo, muuguzi mrefu mwenye buibui jeusi juu ya sare yake. Daktari alimuuliza mama maswali: analala? Anakula? Yapo mawazo ya kutotaka kuishi? Mama alitikisa kichwa kwa swali hilo la mwisho, lakini kwa yale mengine alijibu kwa sauti ndogo kwamba hali imezidi.

Daktari alipekua daftari la Koki. "Siku ishirini na nane, alama ishirini na nane. Basi dawa imeshindwa kwa kiasi hiki."

Alifungua kitabu chake cha mwongozo, kilichochakaa jalada. "Kitabu hiki kinasema mgonjwa asipopata nafuu baada ya majuma manne, apewe vidonge vitatu."

Sista Batulo alikuwa amerudi karibuni kutoka kwenye mafunzo, akiwa na mwongozo mpya, kurasa zilizobanwa kwa pini. Aliuweka mezani kando ya kile kitabu. "Huu mpya unasema tungoje hadi majuma sita, daktari. Na tukiongeza, tuongeze kidogo kidogo. Tena unataka mgonjwa aje kila juma tuzungumze naye, siyo vidonge peke yake."

"Majuma mawili zaidi katika hali hii?" Daktari alimtazama mama. "Huoni anavyodhoofika?"

"Naona. Ndiyo maana naogopa pia kumwongezea kwa pupa."

Waliinamia meza, kila mmoja akifuata mistari kwa kidole. Koki aliketi ukingoni mwa benchi, akiukunja na kuukunjua ukosi wa sweta yake. Hawakuwa wakigombana. Walikuwa wakitafuta.

"Hapa vyote vinakubaliana," alisema Sista. "Kabla ya kuongeza, hakikisha mgonjwa amekuwa akimeza dawa kila siku. Huu wangu unaonya kwamba mwili ambao haujaizoea ukipewa nyingi ghafla, mgonjwa anaweza kuzimia, au moyo ukaenda mbio vibaya."

"Hilo tumehakikisha. Daftari hili hapa," alisema daktari. Alifikiri kidogo, kisha akaandika: vitatu kila jioni. "Mgonjwa amezidiwa na mwili umezoea. Nitamwona tena baada ya siku tatu."

Koki alikipokea cheti cha dawa. Walitoka wakajipanga kwenye dirisha la dawa. Mbele yao walikuwa watu wanne, kisha watatu. Koki alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Akilini aliona mama akizimia. Aliona baba akiambiwa. Aliona kila mtu mtaani akijua. Wakabaki watu wawili. Wakabaki mmoja.

"Mama, keti hapa," alisema ghafla, akimwongoza hadi kwenye benchi. "Usiondoke. Tafadhali usiondoke!"

Alikimbia akaingia chumba cha daktari bila kubisha. Mgonjwa mwingine alikuwa ndani, lakini Koki hakuweza kungoja. Alitoa mkebe wa jometri kwenye mkoba, akaufungua, akaumimina mezani. Bikari ilianguka sakafuni. Vidonge vilitawanyika juu ya karatasi.

"Hakumeza," alisema, akihema. "Alimeza siku kumi tu. Alama zingine niliweka mimi. Nilidanganya."

Daktari Ondiek alivihesabu vidonge polepole, vikawa kumi na vinane. Alikuwa amekaza uso, na Koki alidhani atamfukuza. Lakini alichukua kile cheti kutoka mkononi mwake na kukichana vipande viwili.

"Kwa nini, binti?"

Koki alieleza yote: ndoo iliyoanguka, kicheko, maneno ya watu. Alipomaliza alilia kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana kwa majuma mawili. Sista Batulo alizunguka meza akamshika mabega.

"Kosa lako ni la kweli, nalo ni kubwa," alisema. "Lakini sisi pia tulikosa. Huu si mzigo wa mtoto kuubeba peke yake, na hakuna aliyekaa nawe akakueleza."

Siku hiyo mama alianza upya na kidonge kimoja. Mama yake Celine alikubali kuja kila jioni kumpa dawa, na kila Alhamisi Sista Batulo alizungumza na mama kliniki. Baba aliporudi, Koki alimwambia mwenyewe. Baba alikasirika, akatoka nje akakaa kibarazani. Aliporudi ndani alisema, "Nami nilikuachia na kukimbia barabarani. Tutasaidiana."

Nafuu haikuja upesi. Juma la kwanza mdomo ulikauka kama hapo awali, na juma la pili usingizi ulikuwa mwingi vilevile, ila sasa Koki alijua sababu, kwa kuwa Sista alikuwa amemweleza. Juma la tano, wakila sukuma wiki, mama aliweka tonge chini akakunja uso.

"Koki, chumvi hii imezidi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mama kulalamikia jambo lolote. Koki aliinamia sahani ili machozi yake yasionekane.

Miezi mitatu baadaye mama alikuwa amerudi kazini. Alimwambia Daktari Ondiek kwamba sasa amepona na angependa kuacha dawa. Daktari alifungua kitabu chake kilichochakaa, kisha akakifunga na kuuvuta mwongozo wa Sista. "Changu hakisemi lolote juu ya hili. Huu unasema uendelee miezi sita baada ya kupata nafuu, ili ugonjwa usirudi. Hapa tutaufuata huu."

Sista Batulo alimgeukia Koki. "Unaona? Vitabu hivi vimeandikwa na wataalamu, na hata wao hawakubaliani katika kila jambo. Lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kuona ndani ya nyumba yenu. Sisi huona kwa macho yenu. Mkitudanganya, tunamtibu mtu ambaye hayupo. Na jambo likikuzidi nguvu, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Usingoje."

"Nitasema, Sista."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alisema, "Nilijua hunipi vidonge, Koki. Nilikuwa nakuona ukifungua mkebe. Nilikosa nguvu ya kuuliza. Kwa hiyo hata mimi nilinyamaza wakati wa kusema. Tusifanye hivyo tena, mimi na wewe."

Koki alimshika mkono. Uwanjani Celine na wasichana wengine walikuwa wakicheza kati, wakirushiana mpira, wakamwita kwa kelele. Koki alimtazama mama.

"Nenda," alisema mama. "Leo chakula nitapika mimi."

Koki alimkabidhi mkoba wake, akakimbilia uwanjani.