Filta Iliyofungwa Kavu

Fundi Mkubwa alikutwa asubuhi chini ya gari la wagonjwa, ndani ya gereji yake mwenyewe, gari limemlalia kifuani. Jeki ilikuwa imeshuka hadi mwisho.

Inspekta aliyepewa kesi hiyo, mwanamke ambaye wenzake kituoni walimwita Siafu, alilizunguka gari mpaka daktari wa polisi akamwomba asimame kidogo, maana anampa kizunguzungu.

"Mbavu zimevunjika, pafu limetobolewa," daktari alisema. "Hakuteseka sana."

"Jeki ilishuka au ilishushwa?"

"Hilo maiti haiwezi kuniambia."

"Alama za vidole?"

"Zake na za mdogo wake. Lakini wote wawili wanafanya kazi hapa, Inspekta, zitakosaje?"

Mdogo mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mbishi, alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, macho mekundu. Siafu alimhurumia. Wiki iliyopita tu ndugu hawa walimzika mama yao. Gari lililokuwa likimkimbiza hospitali lilizima mlimani, injini ikakwama, mama akakata roho akisubiri jingine. Gari lenyewe ndilo hili, lilivutwa mpaka hapa litengenezwe. Na pale mlangoni, kwenye benchi, alikaa baba yao mzee, aliyewafundisha kazi wote wawili. Sasa alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, na Siafu hakutaka kabisa kuwa mtu wa kumwondolea na huyo.

"Nieleze tena," alimwambia Mbishi.

"Kaka alikuwa analibadilishia gari oili na filta. Mimi nilitoka kwenda kununua bolti. Kurudi, nikamkuta hivi."

"Filta mpya aliifunga nani?"

"Yeye. Nani mwingine?"

Siafu alivaa glavu, akafungua boneti, akaizungusha filta mpaka ikatoka. Ilikuwa mpya inang'aa. Aliigeuza juu ya kiganja chake, halikutoka hata tone la oili. Jambo hilo lilimkera bila kujua sababu, akamwendea mzee na kuchutama mbele yake.

"Pole sana, Baba. Filta mnaifungaje hapa?"

"Unaijaza oili kwanza, mwanangu, ndiyo unaifunga. Injini isije ikawaka na koo kavu. Mkubwa hakuacha hilo hata siku moja. Na ile kuukuu anaipasua kwa msumeno, aone kama ina unga wa chuma."

"Na mdogo?"

"Huyo kazi yake kubisha. Anasema injini haihitaji filta, ni ujanja wa wauza vipuri. Wamegombana hivyo tangu wakiwa vijana, mimi nimechoka kuamua."

Siafu aliinuka. Aliagiza pipa la takataka limwagwe. Filta kuukuu zilitawanyika sakafuni, zote zimepasuliwa katikati, isipokuwa moja. Aliinyanyua. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu, na koplo aliyefuatana naye alipoipasua, ndani hamkuwa na kitu. Karatasi yote ya kuchujia ilikuwa imeng'olewa.

Alimwita Mbishi ofisini, akaiweka mezani.

"Hii imetoka kwenye gari la wagonjwa."

"Gereji hii ina filta mia."

"Zote zimepasuliwa. Kaka yako hakupata nafasi ya kuipasua hii."

"Labda alisahau."

"Na hii mpya imefungwa kavu. Akasahau na kuijaza oili? Uliifunga wewe, kupitia juu, yeye akiwa amelala chini hapo amekufa. Ulitaka tusiulize ya zamani iko wapi."

Mfa maji haachi kutapatapa. Mbishi alibisha kwamba oili ilivuja, kisha kwamba filta ilikuwa mbovu, kisha akafunika uso.

"Nilitaka kumshinda mara moja tu," alisema. "Gari lilipoletwa sevisi, niliyavuta matumbo ya filta kwa koleo, nikalirudisha ganda. Likimaliza mwaka bado likiwa zima, ningemwonyesha mbele ya wateja. Sikujua kama Mama atalipanda."

"Kaka yako akagundua."

"Aliifungua filta akiwa kule chini, akaichungulia ndani. Hata hakunifokea. Alisema akitoka anakwenda kumwambia Baba. Nikamsihi, nikalia. Akasema Baba ana haki ya kujua kilichomuua mke wake. Mkono wangu ulikuwa kwenye jeki."

"Ukaishusha."

"Nikaishusha. Baba asijue, Inspekta, hilo tu."

Siafu aligeuka. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Hakumtazama inspekta.

"Siku ile mama yenu aliogopa kupanda," alimwambia mwanawe. "Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia panda tu, mama watoto, gari hili linatengenezwa na wanao."