Sauti ya Kati

"Umesema unataka kujifunza nini?"

"Kodi, Mwalimu."

"Ya nyumba?"

Mwanamke hakucheka. Mzee akajikohoza, akavuta kiti karibu na kinanda. Alikuwa mwalimu wa kwaya mstaafu, miaka sabini na moja, anaishi peke yake kwenye chumba cha nyuma ya karakana ya viatu. Mgeni wake alikuwa muuzaji wa duka la dawa, bado amevaa koti jeupe la kazini.

"Haya. Hapa ni do, weka kidole gumba. Ruka kitufe kimoja cheupe, weka cha kati. Ruka kingine, weka kidole kidogo. Bonyeza vyote pamoja."

Akabonyeza. Sauti ikatoka imeshiba, ikajaa chumba.

"Do, mi, so. Hiyo ndiyo kodi. Sauti tatu tu, wala hakuna uchawi. Haya niambie, nani kakutuma? Watu wazima huja hapa kwa ajili ya kwaya au kwa ajili ya mapenzi."

"Mume wangu anapiga kinanda."

"Si akufundishe yeye?"

"Hatuongei, Mwalimu."

Ilikuwa miezi kumi na moja sasa. Binti yao, waliyemwita Tutu, alifariki akiwa na miezi mitano, kwa homa ya siku mbili. Tangu hapo hata majirani hawakujua wamwiteje mama yake. "Mama Tutu" waliogopa kulisema, jina lingine hawakuwa nalo, basi wakabaki na "habari za leo" kavu, kisha macho chini.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Zamani kila Jumamosi alipiga kinanda kwenye harusi za watu. Siku hizi hataki kusikia harusi. Akirudi kazini anakula, anasema "asante kwa chakula" kama mteja wa hotelini, anaingia chumba kilichokuwa cha mtoto, anavaa hedifoni na kupiga. Muziki wote unaishia masikioni mwake. Mkewe jikoni anasikia vitufe vya plastiki tu: tak, tak-tak, tak.

Mlango wa chumba kile haukujifunga vizuri. Alikuwa akisimama kwenye korido na taulo begani, kama mtu anayepita, akitazama vidole vya mume wake. Angetoa chochote ajue vinasema nini. Ndiyo maana alimtafuta Mwalimu.

Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi, akitoka dukani, alipitia huko. Wiki ya tatu alikuja amekariri.

"Mkono wa kushoto anauweka hivi. Kidole kidogo na gumba viko kwenye do na so. Lakini cha kati hakikai kwenye mi, kinarudi hapa, kwenye cheusi."

"Bonyeza."

Alibonyeza. Ilikuwa kodi ileile, lakini imenywea.

"Umesikia? Hesabu vitufe vyote, vyeupe na vyeusi. Kutoka do hadi mi ni hatua ndogo nne, kutoka mi hadi so ni tatu. Ukiishusha mi hatua moja tu, chini zinakuwa tatu, juu nne. Do na so hazijasogea popote. Ni ile ya kati peke yake iliyobadilisha kila kitu. Na mkono wa kulia?"

Akamwonyesha polepole, kidole kimoja kimoja, kama anavyohesabu vidonge. Mwalimu akafuata, kisha akaunganisha mikono yote miwili.

Mwanamke akashika ukingo wa meza.

"Unaujua huu wimbo?"

"Ni wangu, Mwalimu. Niliubuni mwenyewe, hauna hata maneno. Nilikuwa nambembelezea mtoto. Lakini wangu ulikuwa wa furaha."

"Basi ameuhifadhi wote. Sauti moja tu ndiyo kaishusha."

Mwanamke akakigusa kile kitufe cheusi.

"Na ukiitoa kabisa ile ya kati?"

Mzee akabonyeza do na so. Sauti ikatoka pana, tupu, wala huzuni wala furaha. Ilikuwepo tu.

Mwanamke akachukua mkoba wake, akashukuru, akaondoka haraka, akificha machozi.

Jioni ile alikuwa anamenya viazi pale mumewe aliposimama mlangoni mwa jikoni, simu ya mkewe mkononi.

"Ilikuwa inalia. Nani huyu?"

"Nani?"

Akasoma kwa sauti, neno baada ya neno: "*Leo umegusa penyewe, nimesisimka mwili mzima. Alhamisi saa kumi kama kawaida. Tunza hivyo vidole.*"

Kisu kikamponyoka. Hata hivyo, kabla ya hofu, kitu kingine kilimpita moyoni: hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomsikia akitamka mwaka mzima.

"Ni mwalimu wangu."

"Mwalimu wa nini anayesisimka mwili mzima?"

"Wa kinanda."

"Usinifanye mtoto! Nimenyamaza humu ndani, lakini sijawa mjinga. Kama umepata mtu, sema. Sitakulaumu. Hata mimi nisingekaa na mtu kama mimi."

"Mpigie."

Akapiga, akaweka sauti nje. Upande wa pili chafya mbili, kisha sauti ya kizee:

"Mwanangu! Umefika salama? Uliondoka unalia, nikaona nikuandikie kitu cha kukupa moyo, ila haya maherufi siyaoni vizuri. Mumeo mwambie ana mkono mzuri. Lakini so yake asiibonyeze kwa hasira kama ulivyonionyesha, haijamkosea. Haloo?"

Mume akakata simu. Aliketi kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa.

"Umemwambia mtu ninachopiga? Umejuaje?"

"Nilitazama vidole."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mdomo hukunipa. Nilidhani umenichukia. Nilidhani unaona mtu wa dawa, anayeuza dawa za homa kutwa, ameshindwa kuokoa mtoto wake mwenyewe. Leo ndiyo nimesikia ulikuwa unapiga wimbo wake. Peke yako! Mimi nimekaa upande huu wa ukuta nalia peke yangu, na wewe upande ule. Ukuta mmoja, baba!"

Mume akainamisha kichwa.

"Ulinipigia mara saba," akasema.

"Nini?"

"Siku ile. Nilikuwa kwenye harusi ya watu, nimezima simu, nachezesha watu. Nilipoiwasha nikakuta mara saba. Nimezihesabu kila siku. Nikawa nangoja uniulize nilikuwa wapi. Hukuuliza. Nikajua umeshahukumu."

"Mimi nilisahau hata kama nilipiga. Wallahi nimesahau."

"Hukunichukia?"

"Sikuwa na nafasi. Nilikuwa namkumbuka yeye na kukungoja wewe."

Akaja akapiga magoti mbele yake, mikono bado ina maji ya viazi, akamshika uso. Walilia kama watoto waliopotezana sokoni, bila kuoneana haya. Viazi vikaanza kuwa vyeusi kwenye sufuria, hakuna aliyejali.

Muda mrefu baadaye mume akajifuta kwa kiganja.

"Naomba nikuulize kitu. Kama hutaki, usijibu."

"Uliza."

"Nilipofika alikuwa ameshafunikwa. Mwisho wake… alikuwa amefumba macho?"

Kwa miezi kumi na moja hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mwanamke kuhusu siku ile. Wote walimwambia ajikaze, asahau, atapata mwingine. Akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye goti la mumewe.

"Hapana," alisema. "Alikuwa ameyafumbua. Alikuwa ananitazama. Ngoja nikuambie tangu asubuhi ile, alipoamka."

Akamwambia yote.