Waliovuka Alakol

Ngamia aligoma kukanyaga barafu. Dosbol alikuwa amemfunga vipande vya sufu miguuni ili asiteleze. Akamvuta kwa kamba ya pua, akamsihi, akamtukana yeye na aliyemzaa, lakini mnyama alijikita pale ufukweni huku akitoa sauti kama mlango mbovu.

"Ana akili kutushinda," Dosbol alisema, akibandua kamasi iliyogandia kwenye masharubu. "Yeye hajadanganywa kwamba ng'ambo kuna ngano."

Juu ya mkokoteni wa mbao, ule wa kuteleza usio na magurudumu, aliketi mama yake, Kulpash, amempakata mjukuu wake Sholpan ndani ya koti la ngozi ya kondoo. Nyuma yao Ulbosin alikuwa ameegemeza mabega tayari kusukuma. Yeye ndiye mama wa Sholpan, na mke wa kaka yake Dosbol, kama bado mtu angeweza kumwita mke.

Walikuwa watu wa mifugo. Serikali ya Wasovieti ilipoamuru mifugo yote iwekwe pamoja, wakusanyaji walikuja wakachukua farasi, wakarudi wakachukua kondoo, wakarudi tena wakamfungua hata mbuzi wa maziwa ya mtoto. Mifugo ilikufa zizini kwa kukosa nyasi, na wenye mifugo wakafuata. Mume wa Ulbosin aliuliza swali moja mkutanoni, akapelekwa mjini na hakuonekana tena. Katika baridi ya mwaka huo mahema ya jirani yalinyamaza moja baada ya jingine, na hakukuwa na wenye nguvu za kuchimba makaburi kwenye udongo ulioganda. Ngamia huyu mmoja walikuwa wamemficha mabondeni. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Uchina, walikuwako Wakazaki wenzao ambao bado walikuwa wanakamua maziwa. Barabarani kulikuwa na askari waliopiga risasi kabla ya kuuliza. Ziwani, juu ya barafu ya Alakol, hakukuwa na askari. Kulikuwa na upepo tu, ule unaotoka kwenye lango la milima ya kusini, ambao watu wa huko wanauita Ebe na hawautaji wakiwa safarini.

Mwishowe ngamia alikubali. Kulikuwa kumeanza kupambazuka na theluji ikaanza kuanguka, jambo walilolitaka, maana iliwaficha.

"Upepo uwe shavu la kulia," Dosbol aliwaambia. "Ukikupiga puani, umepotea kusini. Ukikupiga kisogoni, umeshageuka bila kujua. Mkifika penye matete, hapo ndipo mto Emil unapoingia. Mnaufuata mto."

"Unatuaga?" mama yake alimuuliza kwa ukali.

"Naongea tu, mama. Mdomo ukinyamaza unaganda."

Walikwenda hivyo mpaka jua, kama lilikuwako, lilikuwa juu ya vichwa vyao. Sholpan aliomba maji. Ulbosin alivunja kipande cha barafu akakilamba kwanza, akakitema. Kilikuwa cha chumvi. Akamkingia theluji kiganjani, akamwambia aiyeyushe mdomoni polepole, asimeze baridi. Kulpash alimtazama akasema kwamba mwanamke mwenye akili angebeba maji kwenye kiriba kifuani. Ulbosin hakujibu. Tangu aingie kwenye nyumba ile hakuwahi kumjibu, na Kulpash hakuwahi kumsamehe kwa kunyamaza huko, wala kwa kuzaa mtoto mmoja, tena wa kike.

Upepo ulibadilika bila onyo. Ulianza kuvuma chini kwa chini, ukifagia theluji juu ya barafu, kisha ukainuka wote kwa pamoja. Chini ya miguu yao kukasikika mlio mrefu kama wa ngozi ngumu inayochanwa. Dosbol aligeuka, akafungua mdomo, na barafu iliyombeba ngamia ikainama.

Miguu ya nyuma ya ngamia ilizama kwanza. Mkokoteni ukaanza kuburutwa kuelekea kwenye maji meusi, Kulpash na mtoto wakiwa juu yake.

"Kata!" Dosbol alipiga kelele. "Shemeji, kata!"

Ulbosin alichomoa kisu akaikata kamba ya kwanza, halafu ya pili. Mkokoteni ukasimama. Alipoinua macho alitegemea kumwona Dosbol ameruka kando. Hakujua kwamba shemeji yake, kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi, alikuwa ameizungusha kamba ya pua kwenye kifundo cha mkono na kuikaza. Ngamia alishuka, na Dosbol akashuka pamoja naye. Alitazama tu, kwa mshangao wa mtu aliyeitwa ghafla.

Kulpash aliruka kutoka mkokotenini, akatambaa mpaka ukingoni, akaingiza mikono, kisha mguu, kisha mguu wa pili hadi magotini. Alichokipata ni kofia. Ulbosin alimvuta kwa mshipi, na bikizee yule akampiga usoni kwa ile kofia iliyolowa, tena na tena, mpaka nguvu zikamwisha.

Wakaendelea, kwa sababu kukaa kulikuwa kufa. Ulbosin aliuvuta mkokoteni mwenyewe, kamba imepita kifuani, upepo kwenye shavu la kulia. Mahali fulani barafu ilikuwa imeinuka kama kuta, na katika kuuvusha, ubao wa chini wa mkokoteni ulivunjika vipande. Basi akamfunga mtoto mgongoni kwa zulia la sufu, na Kulpash akatembea. Viatu vyake vililia kama mawe. Maji yaliyoingia ndani yalikuwa yameganda, na miguu ndani ya maji. Alianguka, akainuka. Alianguka tena, na safari hii akabaki chini.

"Nitatambaa," alisema. "Wewe tangulia kidogo, mimi nitatambaa."

Hakuweza kutambaa. Ulbosin alimshika kwapani akamvuta, akamsogeza hatua mbili tatu tu, na mgongoni Sholpan alikuwa ameacha kulia, jambo lililomtisha kuliko kilio. Akayaachia makwapa ya mama mkwe wake.

Hapo Kulpash alielewa. Akaushika upindo wa koti la Ulbosin kwa mikono miwili.

"Usiniache. Mkwe wangu, usiniache hapa. Nimekutesa, najua nimekutesa. Usiniache."

Ulbosin alipiga magoti akavibandua vile vidole kimoja kimoja. Havikuwa na nguvu, lakini kila kimoja kilirudi. Alipomaliza aliondoka bila kugeuka, na upepo ukamsaidia kutosikia.

Laiti matete yangekuwa mbali. Angetembea siku nzima, angesema hakuwa na la kufanya, na pengine angeamini. Lakini alikuwa hajaenda sana yalipomtokea usoni, marefu, manjano, yakilia kwa upepo, na ndani yake pakiwa na utulivu kama wa ndani ya hema. Alimfungua mtoto, akamsugua mikono, akamtia mdomoni donge la mwisho la maziwa makavu. Sholpan alifumbua macho.

"Bibi?"

"Anakuja nyuma."

Mtoto aliridhika. Rangi ilianza kumrudia midomoni. Ulbosin alimtazama akiwa na nafuu hiyo, na nafuu hiyo ndiyo iliyomponza. Akajiambia kwamba mama mkwe yuko hapo tu, ni kwenda na kurudi. Akalaza matete chini, akamkalisha mtoto, akamzungushia zulia mara mbili, akafunga kitambaa chake chekundu juu ya matete ili apaone. Akamwambia asitoke, na asilale.

Akarudi barafuni, upepo kwenye shavu la kushoto.

Nyayo zilikuwa zimefutika. Alikwenda pale alipodhani, hapakuwa na kitu. Akazunguka. Mbele na nyuma palikuwa peupe sawasawa. Akaita "Mama!", na upepo ukalichukua neno hilo kutoka mdomoni. Kwao mke hatamki majina ya wakwe zake, hata wakiwa wamekufa. Na Ulbosin, katika miaka yote ile, alikuwa hajawahi kulitamka jina la mama mkwe wake hata kimoyomoyo. Alisimama, akajaza mapafu baridi, akapaza sauti:

"Kulpash! Kulpash!"

Chini, karibu kuliko alivyotarajia, sauti kavu ikajibu:

"Nani huyo asiye na adabu?"

Alimlaza juu ya koti lake na kumburuta. Kazi hiyo ilikuwa ndefu kuliko alivyokuwa amepiga hesabu. Alisimama kila mara kupumua, na kila aliposimama mwili ulimwomba alale. Walipoyafikia matete, hayakuwa mahali pale alipotokea. Akafuata ukingo wake, akiita, mpaka akaona kitambaa chekundu kikipigapiga, na mwanga wa siku ukiwa umeshapungua.

Sholpan alikuwa ameketi vilevile kama alivyoachwa. Hakuwa ametoka. Kichwa kilikuwa kimeinama kidogo upande, na theluji iliyoanguka kwenye kope zake haikuyeyuka.

Ulbosin alimfungua zulia, akamtia kifuani kwenye ngozi yake mwenyewe, akafunga nguo juu yao wote wawili, akakaa hivyo usiku kucha akimpulizia pumzi usoni. Kulpash hakumzuia. Kulipokucha alinyoosha mkono, akamgusa mtoto shingoni, akaanza kusoma Fatiha. Alisahau katikati, akaanza upya, akasahau palepale. Walimfunika kwa matete na vipande vya barafu, maana udongo haukuchimbika.

Baada ya hapo Ulbosin hakuwa na mawazo, alikuwa na kamba tu. Alimburuta mama mkwe wake juu ya lile zulia kandokando ya mto, mchana wakivunja mashina ya matete na kutafuna mizizi, usiku wakilala wamekumbatiana kama watu wanaopendana. Hawakuzungumza ila juu ya mambo ya lazima. Geukia huku. Funga hapa. Mguu umekuwa mweusi mpaka wapi?

Aliyewakuta ni mwanamume aliyekuwa akikata matete ya ng'ombe wake. Alikiacha kisu chake, akawauliza kwa Kikazaki ni wa ukoo gani.

"Ukoo wa Naimani," Kulpash alisema.

"Mko wangapi?"

"Tulikuwa wanne."

Ulbosin aliuliza mpaka uko wapi. Mtu yule aliwatazama kwa huruma, akaelekeza mkono kule walikotoka.

"Mpaka mmeuvuka jana, dada yangu."

Mke wake aliwapa maji ya maziwa, kidogo kidogo, kwa kuwa alishaona wengine wakifa kwa kushiba. Mzee mmoja wa kambini alimkata Kulpash vidole vyote vya miguu kwa kisu kilichowekwa motoni. Wakapewa kipembe cha hema na kazi ya sufu.

Watu walidhani ni mama na binti yake, na hakuna aliyewasahihisha. Ulbosin alimlisha, akamwosha, akambeba kwenda haja. Zipo asubuhi ambazo alimwangalia bikizee akitafuna mkate na akalazimika kutoka nje. Kulpash hakumshukuru hata siku moja, wala hakumlaumu. Ukali ulikuwa umemwisha, na nafasi yake haikujazwa na kitu.

Theluji ilipoyeyuka, mchana mmoja, walipokuwa peke yao hemani, Ulbosin alisema, bila kuinua kichwa:

"Ningefanya nini?"

Kulpash alikuwa akisokota uzi. Hakuuliza lini, wala wapi.

"Ungeniacha."

"Ulinishika nguo."

"Nilikushika." Kulpash aliusimamisha uzi. "Niliona mtoto uko naye mgongoni, nikakushika. Nilitaka kuishi. Hata sasa nataka. Mwanamke mzee, hana miguu, hana mwana, na akiamka asubuhi anataka chai."

Alianza kulia, bila sauti, na mikono ikaendelea kutafuta sufu pale ilipokuwa imeanguka. Ulbosin akainama, akaiokota sufu, akampa. Akaenda kuwasha moto wa chai.