Mchumba wa Magazetini

Mgahawa wa studio ulikuwa umefurika askari wa Kirumi na masista wa kuigiza siku Royce Tillery alipommwagia Verna Stokes supu ya nyanya.

"Wee kaka, huna macho?" Verna alifoka, akifuta gauni lake la manjano.

"Nilikuwa nayo. Yamekung'ang'ania wewe."

"Maneno hayo umeandikiwa?"

"Ya kuandikiwa huwa mazuri zaidi."

Verna akacheka. Yeye alikuwa fundi wa kushona mavazi ya filamu. Royce, kijana mrefu wa Oklahoma, ndiyo kwanza alikuwa amepewa nafasi ya mhusika mkuu. Mwaka ule wa 1951, kila Jumapili walikwenda ufukweni Santa Monica. Royce akimwita "kipenzi". Verna, kwa kumtania, akimwita "bwana nyota".

Kisha gazeti likatoa picha: Royce kamshika kiuno Gloria Deane, mwigizaji mwenzake. Juu yake iliandikwa: "Wachumba!" Verna aliisoma habari hiyo saluni, nywele zikiwa kwenye vibanio.

Jioni simu ikalia.

"Verna, mpenzi, yale ni mambo ya studio. Wanatafuta watazamaji."

"Na kile kiuno nacho cha studio?"

"Nikikataa watavunja mkataba wangu."

"Basi usikatae. Hongera, bwana harusi." Akakata.

Tangu hapo hakupokea tena simu yake. Royce aliendelea kutabasamu kwenye kamera huku akikonda, mpaka asubuhi moja mtangazaji wa redio alipowauliza yeye na Gloria: harusi lini?

Royce alimgeukia mwenzake. "Nisamehe, Gloria. Ninayempenda ni fundi Verna Stokes, na hataki hata kunisikia."

"Mfuate basi, mjinga wee!" Gloria akaangua kicheko. "Hata mimi nina wangu."

Kwenye chumba cha kushonea, redio ikiwa imewashwa, vyerehani vyote vilinyamaza. Royce alipoingia akihema, wanawake walijifanya wanatunga uzi.

"Wamenifukuza," alisema.

"Upesi hivyo?"

"Nikiwa bado kwenye ngazi. Verna, utakubali nikuoe?"

"Piga magoti kwanza. Na safari hii sitaki mikrofoni."

Akapiga magoti, pini ikamchoma. "Aii!"

"Ndiyo," alisema Verna, akimfuta machozi na yake yakimtoka.

Royce hakuigiza tena kama shujaa. Kwa miaka mingi alikuwa jambazi wa filamu za kauboi, akiuawa kabla ya mwisho. Na kila alipoanguka kwenye skrini, Verna, gizani mwa ukumbi wa sinema kwenye kiti cha pembeni yake, alimbusu shavuni.