Mwenye Sauti

Walikutana siku ya mvua, watu wamejazana mbele ya kaunta ya dawa. Mfamasia alikuwa anamweleza bibi mmoja namna ya kunywa vidonge vyake, na kijana mrefu mwenye shati lililolowa akasema kutoka nyuma, "Dada, ukiniambia mimi hivyo, hata sumu nitakunywa."

Watu wakacheka. Naye akacheka, na hapo ndipo alipoponzeka.

Kijana alikuwa anatengeneza programu za simu. Kila jioni alimpigia.

"Umekula, baba?"

"Bado. Niulize vizuri."

"Umekula, kipenzi changu? Ukilala na njaa nitakununia."

"Ninunie basi nisikie."

Wakadekezana hivyo mpaka wakachumbiana.

Mchana mmoja mfamasia alimpelekea chakula kaka yake, aliyefiwa na mke na kujifungia ndani. Mlangoni akasikia mwanamke chumbani: "Umekula, kipenzi changu? Ukilala na njaa nitakununia." Sauti ilikuwa yake, na kicheko chake. Kaka alikuwa kifua wazi, simu ubavuni, akiijibu maneno ambayo dada hapaswi kuyasikia.

Alipomwona akavuta shuka. "Ni programu ya wapweke tu. Nilichagua sauti hii kwa sababu ilinikumbusha nyumbani. Sikujua, mdogo wangu. Haki ya Mungu sikujua."

Mfamasia alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mchumba wake. Hakumkuta. Mwenzake wa kazi, dada mmoja mpole, akamvuta pembeni.

"Kabla kazi haijatoka huwa tunaulizana itamuumiza nani. Tulimuuliza kama mwenye sauti amekubali. Akasema umekubali, tena umefurahi. Tukamwamini, kwa kuwa ni mchumba wako."

Jioni mchumba akaja na pete.

"Nilikurekodi kwa kukupenda. Kazini wakatafuta sauti yenye mapenzi ya kweli, nami ninayo."

"Ifute."

"Rekodi nitazifuta. Lakini programu imeshajifunza, mpenzi. Kukutoa ni kuanza upya, na watu wamekuzoea."

Matusi yalimjaa kinywani. Kisha akaiona simu ya mchumba mezani, akayameza. Akaisukuma pete, akafungua mlango.

"Sema chochote," mchumba alilia. "Nitukane."

Hakufumbua mdomo mpaka mchumba alipoondoka.

Programu haikuondolewa sokoni. Kaka alirudi kazini, akanenepa kidogo. Dada alipompigia kumjulia hali, simu ilikatwa, ukaja ujumbe: "Mdogo wangu, usinipigie tena. Uwe unaniandikia."