Gamba Mdomoni mwa Karani

Jumanne, tarehe 12 Juni 1956, saa tisa na dakika kumi mchana, Odile Lokinda aliingia na bakuli la lituma, ndizi za kupondwa, katika ofisi ya Profesa Delvigne, akamkuta mumewe Michel amelala juu ya mashine ya kuchapa. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kichwa kiligeuzwa upande, na mdomoni mlichomekwa gamba moja la kijani, pana kama kiganja cha mtoto.

Saa tisa na nusu brigadia wa polisi Cyprien Lifoko alifika pamoja na komisa wake, Mbelgiji mnene aliyekasirika kwa kuamshwa katika usingizi wa mchana. Komisa alilitazama gamba, akafunga daftari.

"Gamba la Msindo. Kazi imekwisha, Cyprien."

Hapakuwa na mtu mjini asiyewajua Wasindo. Waliishi kwenye miamba ya maporomoko ya Tshopo, watu warefu wenye magamba tangu shingoni hadi kiunoni na moto vifuani. Zamani waliilinda njia ya mto kwa vita. Siku hizi walibeba mizigo gatini, kwa kuwa gunia la kahawa kwao lilikuwa jepesi kama kikapu. Karatasi za serikali ziliuita mji Stanleyville, na Wasindo ziliwaita kabila hatari. Profesa Delvigne alikuwa amekuja miezi minane iliyopita kuandika kitabu juu ya mila zao, na Michel ndiye aliyekuwa akimchapia daftari lake.

Cyprien hakufunga daftari. Aliandika kwamba marehemu alipigwa kutoka nyuma, akiwa ameketi. Aliandika kwamba mashine haikuwa na karatasi ila kaboni moja tu, iliyosahaulika kwenye rola. Akaielekeza dirishani. Ilikuwa na mstari mmoja, kwa Kingwana, Kiswahili cha mji ule: *Mama Ekasi, ile ngao iko kwako haiko*.

"Haiko," komisa alirudia. Neno hilo alilijua. "Yaani haipo. Karani aliiba ngao yao, mwanamke akamuua. Mkamate."

Ekasi, mkuu wa ukoo wa Limengo, alikamatwa gatini saa kumi na nusu, gunia likiwa begani. Hakupigana. Alilitua gunia polepole, akamtazama Cyprien kutoka juu.

"Weye ni mutoto ya kijiji ya Yanonge," alisema. "Baba yako alijua kwetu. Juu ya nini unanifunga?"

Cyprien alimfunga pingu, na swali hilo likamuuma hadi asubuhi.

Jumatano, saa mbili asubuhi, alikwenda mahabusu. Mlinzi alilalamika kwamba kitasa kimekuwa cha moto, hakishikiki. Ndani, Ekasi alikuwa amekaa akipumua kwa nguvu. Hewa ilikauka hadi Cyprien akakohoa.

"Mama, niko na maulizo tatu," alisema. "Magamba yako iko ngapi ya koo?"

"Moja. Kila mutu moja." Alivuta kamba shingoni, akaonyesha gamba la kijani lililotobolewa. "Ndugu ya mama yako analing'oa siku unakuwa mupiganaji. Unalivaa mupaka kufa. Ukikufa, linaenda ku ngao ya ukoo, linabandikwa na utomvu."

Cyprien alitoa mfukoni gamba la mdomoni mwa Michel, akaligeuza. Nyuma yake palikuwa na utomvu mweusi uliokauka.

Ekasi alilichukua, akaupitishia utomvu kidole.

"Hii ni ya mutu yetu aliyekufa. Imetoka ku ngao."

"Ngao iko wapi?"

"Iko kwangu, mu nyumba. Ile muzungu aliikopa juma mbili, juu ya kupiga picha. Alileta barua iko na muhuri, nikashindwa kukatala. Aliirudisha, iko imefungwa vile vile. Sisi hatuifungui ovyo. Tunafungua siku ya kuita majina tu."

"Na ulizo ya mwisho. Musindo akiua adui, anatia gamba mu kinywa yake?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana uso wa Ekasi ulilegea kidogo.

"Nani alikuambia hiyo? Sisi tunaita mutu jina yake na jina ya mama yake, mara tatu, ageuke atuone. Akikufa tunamugusisha gamba mu kiganja, ajue nani alimuua. Kisha tunarudisha ku shingo. Nani ataacha gamba yake mu kinywa ya mutu?" Akatema mate pembeni, yakachemka sakafuni. "Lakini ile muzungu aliniuliza siku tatu vile tunaua. Hakuuliza vile tunaoa, hakuuliza vile tunalea batoto. Siku ya tatu nilichoka, nikamudanganya. Nikasema ni mu kinywa. Akaandika mbio mbio."

"Ulimudanganya mbele ya nani?"

"Tulikuwa babili tu."

Saa nne Cyprien alikuwa Tshopo, nyumbani kwa Ekasi, na wazee wawili wa ukoo kama mashahidi. Alieleza sababu, wakakubali kulifungua gome la mti lililoizunguka ngao. Waliyahesabu magamba yote, safu kwa safu. Hakuna hata moja lililokosekana.

Mzee mmoja alifurahi. Cyprien hakufurahi. Gamba la ngao lilikuwa mfukoni mwake, nayo ngao ilikuwa kamili. Alichomoa kisu, akakwangua gamba moja. Rangi ya kijani ilitoka kama vumbi, na chini yake pakaonekana gamba la kahawia la kakakuona.

Mzee aliketi chini palepale kwenye mwamba na kuufunika uso.

Mtu mmoja tu mjini alikuwa na mkono wa kuiga kazi kama ile: Lambert, mchongaji aliyewauzia Wazungu vinyago karibu na posta. Cyprien alimkuta saa tano na robo, akamwekea ngao mbele.

"Lambert, jana saa nane mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Uliza hata faktera, ule anapeleka barua, tulikula pamoja." Aliitazama ngao, jasho likamtoka. "Bon, brigadia. Nilitengeneza mimi. Profesa alisema ni ya kufundisha batoto ya masomo kule Ulaya. Alileta ile yenyewe, nikaiga. Sikujua atawarudishia hii."

"Na ulipoona Ekasi amefungwa, ulinyamaza?"

"Nilikuwa na woga, tonton."

"Usiniite tonton, mimi si mujomba yako. Musindo akiua, gamba linaenda wapi?"

"Ku kiganja," Lambert alijibu mara moja. "Kisha ku shingo. Kila mutu anayeuziana nabo anajua."

Cyprien alisimama katikati ya barabara, hasira ikimpanda kama homa. Sasa aliusoma upya mstari wa kaboni. Michel hakuandika kwamba ngao haipo. Alikuwa akiandika *haiko yenyewe*, yaani si ile ya kweli, na pigo likamkuta kabla ya neno la mwisho. Mtu mpole, mwenye mke na sahani ya chakula njiani, aliuawa kwa sababu alitaka kusema ukweli kwa barua.

Profesa hakuwa ofisini wala kwenye nyumba ya wageni. Mpishi wake alisema ameshapeleka masanduku kwenye meli ya Léopoldville, inayoondoka saa kumi. Cyprien alimwomba komisa mambo mawili: amfuate Profesa gatini, na amlete Ekasi. Komisa alikubali kwa shingo upande, akisema kwamba brigadia akikosea atavuliwa kazi.

Saa tisa na dakika ishirini walimkuta Delvigne ameketi juu ya sanduku lililoandikwa *Vitabu*. Wapagazi, nusu yao Wasindo, walikuwa wamegoma kulinyanyua tangu waliposikia mkuu wao amefungwa. Odile naye alikuwepo, na kilemba cha msiba.

"Komisa, ondoa watu hawa," alisema Delvigne. "Nitachelewa."

"Ulizo moja tu, Profesa," alisema Cyprien. "Wewe ni mjuzi wa Wasindo. Wakimuua msaliti, gamba huwekwa wapi?"

"Mdomoni. Mji mzima unajua."

Cyprien aliwageukia wapagazi, akauliza swali lile lile. Walitazamana. Mmoja alijibu ku kiganja, mwingine ku kiganja, na Lambert, aliyeburutwa hadi pale, akasema ku kiganja.

"Mu kinywa ilikuwa uongo yangu," alisema Ekasi. "Nilikupa weye peke yako."

"Uliuandika kwenye daftari," Cyprien aliendelea. "Watu wawili tu walilisoma, wewe na Michel. Michel hakujipiga mwenyewe kisogoni. Alichapa anwani za masanduku yako, akajua ngao ya kweli inakwenda Ulaya, akaanza kumwandikia Mama Ekasi. Ulimkuta, ukampiga, ukachukua karatasi na kusahau kaboni. Kisha ukang'oa gamba kwenye ngao ili Wasindo wafungwe kwa kosa lako. Simama."

Delvigne hakusimama. Ekasi alimnyanyua kwa kola kama paka, akamweka kando, akakiwekea kitasa cha sanduku kiganja. Alipumua mara moja tu. Chuma kilianguka. Ndani, chini ya vitabu, ngao ililala, na katika safu ya tatu palikuwa na pengo moja.

"Ingeozea kwenye kibanda chao," Delvigne alimwambia komisa. "Mimi ningeiokoa. Karani hakuelewa sayansi."

"Alielewa," alisema Odile.

Ekasi aliachiwa huru siku hiyo hiyo. Ijumaa Delvigne alipandishwa ndege, eti akahukumiwe kwao, bila pingu. Jumamosi komisa alimletea Cyprien ripoti iliyokwisha kuandikwa: karani Lokinda aliteleza, akapiga kichwa. Palibaki kutia sahihi.

"Nilikiona kisogo chake," alisema Cyprien.

"Una watoto watano. Tia sahihi."

Cyprien aliirudisha karatasi mezani bila sahihi. Usiku ule aliandika ripoti yake mwenyewe, kwa mkono.

Jumapili mchana ukoo wa Limengo ulikusanyika Tshopo. Gamba lilirudishwa kwenye pengo lake, na Ekasi akaita majina ya wapiganaji wote, gamba kwa gamba, watu wakiitikia kwa kishindo kilichoyashinda maporomoko. La mwisho halikuwa na gamba. Aliliita mara tatu: Michel Lokinda, mwana wa Anne. Waliitikia vile vile.

Odile alifuta uso. "Ya bwana yangu mumeita," alisema. "Na ya ule aliyemuua, nani ataita? Ku karatasi yabo haiko."

Cyprien, aliyekuwa amesimama nyuma na sare yake, alipita katikati yao hadi kwenye mwamba wa mbele. Alikunjua ripoti yake, akasoma kwa sauti kubwa tarehe, saa na mahali. Kisha akalitaja jina.