Kiti cha Mateka

Jua lilikuwa linazama mdogo wangu aliponituma maktaba. Mafua yalikuwa yamembana, na kitabu chake kilitakiwa kurudi siku hiyohiyo. Riwaya iliyotokana na ile tamthilia yake ya runinga, ya sayari kugombea viti barazani. Mimi fundi cherehani. Mambo ya huko juu yananihusu nini?

"Nafunga madirisha kwanza, nakuja kukipokea," mkutubi aliniambia.

Nikaketi. Nikakifungua, nipate cha kumcheka mdogo wangu nikirudi.

Sayari mbili zilikuwa zimepatana. Kila moja itoe mateka akae Barazani, asitoke mpaka mwingine akubali kushika nafasi yake. Na kukubali kwenyewe ni kusoma kiapo mpaka neno la mwisho. Mimi kusoma kimya siwezi, hunong'ona kama ninayehesabu vipimo vya mteja. Nikakinong'ona chote.

"Ninakaa badala yake."

Harufu ya kitambaa kilichoungua...

Nikainua macho. Madirisha hayapo. Mlango haupo. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anajinyoosha mgongo.

"Ahsante, mama. Nilichoka."

Akapenya ukutani, akatoweka.

Nilipiga ukuta ule mpaka viganja vikachubuka. Niliita mpaka sauti ikakauka. Njaa haikuja, usingizi haukuja, mwanga haukubadilika. Nililia kama mtoto, siku ngapi sijui.

Kisha... nyuma ya ukuta mtu akapenga kamasi.

"Dada yangu hajafika hapa?"

"Alifika sasa hivi," mkutubi akajibu. "Kitabu hiki hapa mezani, mwenyewe simwoni."

Kurasa zikafunuliwa. Mdogo wangu akaanza kusoma kiapo, polepole, kwa sauti.

"Usi..." nikapiga kelele.

Akaacha kusoma.

"Dada?"

Alinisikia! Ningemalizia tu neno lile, angekitupa kile kitabu. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mama alipokuwa kazini.

Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Akaendelea mpaka neno la mwisho.

Sasa niko nyumbani. Mama ananiuliza kila siku mwanawe yuko wapi, namwambia sijui, na usoni hanitazami tena. Kitabu nimekiazima mimi. Kila jioni nikikifungua namsikia akigonga, akiniita dada. Nampenda, na njia ya kumtoa naijua. Naanza kiapo, nasoma, nafika neno moja kabla ya mwisho...

Nakifunga.